Sheria ya Taka Iliyofika kwenye Meza ya Fundi

Kuanzia tarehe 1 Julai 2006, kifaa kipya cha umeme au elektroniki hakikuruhusiwa kuingia katika soko la Umoja wa Ulaya ikiwa lehemu iliyoshikilia vipuri vyake ilikuwa na risasi inayozidi asilimia 0.1 ya uzito wa lehemu hiyo. Amri hiyo ilitoka katika Agizo namba 2002/95/EC, lililopitishwa Januari 2003 na kujulikana kote duniani kwa kifupi cha RoHS. Lilitaja vitu sita: risasi, zebaki, kadimiamu, aina moja ya kromiamu yenye sumu kali, na makundi mawili ya kemikali zinazotiwa kwenye plastiki isishike moto. Halikumtaja popote mtu anayekaa jioni na pasi ya lehemu akiunda redio au kipaza sauti kwa sababu tu anaipenda kazi hiyo. Hata hivyo, haikupita miaka mingi kabla mafundi wa ridhaa wa Ulaya na Marekani hawajaanza kulizungumzia agizo hilo kana kwamba liliandikwa kwa ajili yao. Wapo waliolilaani kwa kuwaharibia kazi, na wapo walioliona kama mkombozi aliyewaondolea sumu nyumbani. Naona pande zote mbili zililisoma vibaya. RoHS ilikuwa sheria ya taka. Haikuwa sheria ya afya ya anayelehemu. Mtu akiisoma hivyo, sehemu kubwa ya lawama inaanguka, sehemu kubwa ya sifa nayo inaanguka, na yanabaki madhara ambayo hayakujadiliwa sana: yale yaliyompata fundi wa ridhaa alipotaka kuuza alichokiunda, na yale yaliyomfikia mwaka 2018 kupitia sheria nyingine kabisa.

Kilichokuwa kikiondolewa kilikuwa na umri mkubwa. Warumi walichanganya bati na risasi kuungia mabomba ya maji, na elektroniki ilirithi ufundi huo ukiwa umekwisha kukomaa. Mchanganyiko uliopendwa zaidi ulikuwa wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, kwa kuwa huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, pale pale, bila kupitia hali ya ujiuji katikati. Ukiondoa pasi, kiungo kinafunga mara moja, na mkono ukitikisika kidogo hakuna muda wa kutosha wa kukiharibu. Ule wa 60 kwa 40 haukuwa mbali nao. Juu ya aloi hizi mbili ulisimama utamaduni mzima wa kujiundia vifaa. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, ilipoanza mwaka 1947 kuuza osiloskopu ikiwa vipande vipande, kwa kutumia vipuri vilivyobaki baada ya vita, ilikuwa ikimkabidhi mtu asiye na mafunzo kazi ya kiwandani aifanyie nyumbani. Vijitabu vyake vilimfundisha kulehemu hatua kwa hatua, na vilimkataza kabisa kutumia lehemu yenye flaksi (dawa ya kusafishia metali) ya tindikali, ile ya mafundi bomba. Akiitumia, dhamana ilikufa. Mpango wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu aloi yenyewe ilivumilia makosa ya mwanafunzi. Hasira za mwaka 2006 zinaeleweka zaidi ukikumbuka kwamba watu wengi walijifunza kazi kwa kitu hicho kimoja, na macho yao yalizoea kutambua kiungo kizuri kwa mng'ao wake.

Kwa nini basi kiondolewe? Jibu liko katika agizo pacha lililopitishwa siku hiyo hiyo, namba 2002/96/EC, lililohusu ukusanyaji wa taka za umeme na elektroniki. Ulaya ilikuwa ikikabiliana na milima ya vifaa vilivyotupwa, ambavyo vingi viliishia kwenye madampo au kwenye matanuri ya kuchomea taka, ambako risasi huweza kuingia kwenye maji na majivu. Ukusanyaji pekee haukutosha, kwa hiyo watunga sheria waliamua kupunguza sumu kabla kifaa hakijaundwa. Hapo ndipo wakosoaji walipopata hoja waliyoipenda. Sehemu kubwa mno ya risasi duniani huenda kwenye betri, na betri ya gari ya kawaida hubeba takriban kilo 10 za risasi, sawa na zilizomo katika roli 250 za gramu 100 za lehemu ya 60 kwa 40. Kioo cha televisheni za zamani, zile zenye mgongo, kilibeba risasi ya kupimwa kwa kilo, na agizo lenyewe lilikiruhusu kiendelee. Lehemu ya joto kali yenye risasi zaidi ya asilimia 85 nayo iliruhusiwa, kwa hiyo hata leo diodi au transista ya umeme mwingi inaweza kuandikwa kwamba imetimiza RoHS huku ndani yake kipande cha silikoni kimeshikwa kwa aloi ambayo karibu yote ni risasi. Wakosoaji waliuita unafiki.

Sikubaliani nao, na sababu ni ya kimaumbile. Betri ni bonge. Ina uzito, ina bei ya chakavu, na mtu ataibeba mwenyewe hadi kwa mnunuzi. Risasi ya lehemu imetawanyika kwa vichembe vya miligramu kwenye mamilioni ya bodi, na hakuna anayeweza kuikusanya kwa faida. Risasi iliyotawanywa hairudi, kama ilivyokuwa ile ya petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, miezi sita tu kabla ya siku ya RoHS. Haina maana kwamba betri ni salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, watoto wao wakaugua, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi ni sumu ya kweli, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Lakini Owino Uhuru ni kisa cha bonge lililokusanywa na kuyeyushwa bila ulinzi, na dawa yake ni usimamizi wa viwanda. Lehemu ilihitaji dawa nyingine. Mtu anaweza kupinga dawa hiyo kwa hesabu: Shirika la Mazingira la Marekani, katika tathmini yake ya mwaka 2005 iliyofuata aloi hizi tangu mgodini hadi jalalani, lilikuta kwamba lehemu yenye risasi ilikuwa mbaya zaidi kwa sumu, ilhali aloi yenye fedha ilikuwa na mizigo yake, hasa ile ya kuchimba na kusafisha hiyo fedha. Huo ni ubishi halali. Ni ubishi kuhusu taka na migodi, na meza ya fundi wa ridhaa haimo ndani yake.

Mabadiliko yalimfikiaje basi, ikiwa sheria haikumgusa? Yalimfikia kupitia kwa muuza vipuri. Desemba 2001, mamlaka za Uholanzi zilizuia takriban mashine milioni 1.3 za michezo za PlayStation One za kampuni ya Sony, wiki chache kabla ya Krismasi, kwa sababu kadimiamu kwenye nyaya zake ilizidi kiwango cha sheria ya nchi hiyo. Kila kiwanda duniani kilisoma habari ile na kuielewa: waya mmoja ulionunuliwa kwa mtu wa tatu unaweza kufunga soko zima. Wajapani walikwisha kuanza kwa hiari. Matsushita, yenye jina la biashara la Panasonic, iliuza kicheza MiniDisc chenye lehemu isiyo na risasi mwaka 1998. Aloi iliyokuja kutawala, ya bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, ni ya familia iliyopewa hataza Marekani mwaka 1996 kutokana na utafiti uliofanyika Iowa. Viwanda vya vipuri havikuona faida ya kutengeneza rezista moja kwa ajili ya Ulaya na nyingine kwa ajili ya dunia nzima. Vikabadilisha zote. Chipu ambazo mauzo yake yalikwisha kupungua hazikubadilishwa. Zilifutwa tu kwenye orodha. Fundi wa ridhaa wa Ohio, ambaye hakuishi chini ya sheria ya Ulaya, alifungua pakiti akakuta miguu ya vipuri imepakwa bati tupu, na simu zinazofunguliwa leo kwenye vibanda vya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi zimelehemiwa kwa aloi iliyochaguliwa kwa sababu ya Brussels. Huo ndio ulikuwa uzito wa agizo lile: halikuhitaji kumtaja mtu ili limfikie.

Sasa tuzitazame lawama zenyewe, tukianza na joto, maana ndiyo iliyosikika zaidi. Aloi mpya ya fedha na shaba huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Ile ya bati na shaba pekee, iliyo nafuu zaidi, huyeyuka kwenye 227. Tofauti na 183 ni nyuzi 34 hadi 44, na ilisemwa kwamba pengo hilo litaunguza vipuri na kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Kwenye tanuri la kiwandani, ambako bodi nzima hupashwa moto, hofu hiyo ilikuwa na msingi mkubwa: joto la kilele lilipaswa kupanda hadi karibu 240 au 250, na plastiki za viunganishi zilibidi zibadilishwe. Kwa mkono hali ni nyingine. Chukua pasi ya Weller ya miaka ya nyuma, ile inayojidhibiti kwa sumaku. Mgongoni mwa ncha yake kumegongwa tarakimu, na 7, iliyokuwa ya kawaida kabisa, inamaanisha nyuzi 700 za Farenhaiti, takriban 370 za Selsiasi. Watu walilehemu aloi ya 183 kwa ncha ya 370 kwa miaka mingi. Ncha hiyo hiyo inaiyeyusha aloi ya 217 bila kuongezwa kitu. Tena, kampuni ya Multicore ya Uingereza iliuza kwa miongo kadhaa lehemu iitwayo Savbit, iliyoongezwa shaba asilimia 1.5 ili isile ncha za shaba za pasi za wakati huo, na ilihitaji nyuzi 215 ili iyeyuke yote. Mafundi wa ridhaa waliipenda. Kwa maneno mengine, waliolalamika kuhusu 217 walirithi meza za watu waliofanya kazi kwenye 215 bila kunung'unika.

Kilichobadilika kweli kwa mkono ni jinsi lehemu inavyotambaa. Aloi isiyo na risasi husita. Inapogusa shaba hutanuka polepole zaidi, kwa hiyo inataka flaksi yenye nguvu na sehemu iliyosafishwa vizuri. Bati lililo jingi kwenye ncha ya moto hula lile tabaka la chuma linaloilinda, na ncha huisha mapema. Kiungo kikiganda, uso wake huwa wa kijivu, wenye punje punje, na hapo ndipo jicho la fundi lilipopata shida kubwa kuliko mkono wake. Kwa lehemu ya zamani, uso wa namna hiyo ulikuwa alama ya kiungo kilichosogea kabla ya kuganda, na fundi alikirudia. Kwa lehemu mpya, kiungo cha kijivu kinaweza kuwa kizima kabisa, na kukirudia ni kukipiga joto la pili bila sababu. Viwanda vilipewa mwongozo: toleo la mwaka 2005 la kiwango cha ukaguzi cha IPC-A-610 liliingiza vigezo vya lehemu isiyo na risasi. Mtu wa nyumbani hakupewa kitu. Vitabu alivyosomea viliendelea kumwambia atafute mng'ao, na nadhani sehemu kubwa ya sifa mbaya ya aloi hizi ilizaliwa hapo, watu wakikarabati viungo visivyo na ugonjwa hadi vikaugua.

Sifa nazo zina tatizo lake. Wengi waliamini kwamba lehemu mpya imewaondolea moshi wa sumu. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749. Kwenye ncha ya nyuzi 350 au 400, mvuke wake ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kuwa ndio njia ya hatari. Moshi mweupe unaopanda kutoka kwenye kiungo ni wa flaksi, hasa ile ya utomvu wa msonobari, na moshi huo unajulikana kitabibu kwa kusababisha pumu kwa wanaoufanyia kazi kila siku. Flaksi hiyo imo katika lehemu za aina zote mbili, na katika aina mpya mara nyingi hutiwa nguvu zaidi. Risasi humwingia fundi kupitia vidole: anashika waya, anashika mkate. Njia hiyo hufungwa kwa sabuni na kwa kutokula mezani. Mtu aliyebadilisha lehemu kisha akaacha kufungua dirisha alibadilisha hatari ndogo na kuongeza ile kubwa, na alifanya hivyo kwa sababu alifikiri sheria ya taka ilikuwa ikimshauri kuhusu mapafu yake.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la uimara. Bati tupu huota masharubu: nyuzi nyembamba za metali, nyembamba kuliko unywele, zinazochomoza zenyewe bila umeme wala unyevu na kugusa mguu wa jirani. Maabara za Bell zilikwisha kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1940 na 1950, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuongeza risasi kidogo kwenye bati. Mei 1998, setilaiti ya Galaxy IV ilipotea na sehemu kubwa ya peja za Marekani zikanyamaza. Masharubu ya bati yalitajwa kuwa chanzo. Warekebishaji wa redio za zamani hawakuhitaji setilaiti kuwafundisha. Transista za AF114 hadi AF117, zilizokuwa kwenye redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1960, zimo ndani ya kikopo cha metali, na kwa ndani masharubu huota hadi yakagusa kipande cha jerimani katikati. Redio inakuwa bubu. Fundi anayejua hukata mguu mmoja kati ya minne, ule unaounga kikopo na ardhi ya saketi, na mara nyingi redio huzungumza tena. Je, basi si kweli kwamba RoHS iliturudisha kwenye ugonjwa uliokuwa na tiba? Kwa kiasi fulani ndiyo, na vifaa vya kijeshi na vya anga viliachwa nje ya agizo. Lakini masharubu hutoka zaidi kwenye bati lililopakwa juu ya vipuri kuliko kwenye kiungo chenyewe, na vipuri hivyo fundi wa ridhaa anavinunua vikiwa vimekwisha kupakwa. Akifunika miguu hiyo kwa lehemu ya risasi, anapunguza hatari kwenye sehemu iliyofunikwa tu. Iliyobaki juu inaendelea kuwa ya bati. Kung'ang'ania roli ya zamani hakukumlinda kama alivyodhani.

Mfano uliotajwa sana wa hasara ya lehemu mpya ni mashine ya michezo ya Xbox 360. Iliuzwa kuanzia Novemba 2005, ikaanza kufa kwa wingi, na Julai 2007 Microsoft ilitangaza kwamba itabeba zaidi ya dola bilioni moja kurefusha dhamana hadi miaka 3. Mitaani ikawa hukumu iliyokamilika: lehemu isiyo na risasi imeiua. Watu walizipasha bodi moto upya, wengine hata kuzifunga kwa mataulo zipate joto, na kwa kuwa mashine ziliamka kwa siku chache, waliona wamethibitisha. Mwaka 2021, katika filamu ya kampuni hiyo kuhusu historia ya Xbox, wahusika walieleza kwamba miunganiko iliyovunjika ilikuwa ndani ya vijenzi vyenyewe, kutokana na joto kupanda na kushuka kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Aloi ngumu huenda ilichangia. Muundo wa kupoza joto nao huenda ulichangia. Kisa hiki kina thamani kwa sababu kinaonyesha jinsi sheria ilivyogeuka kuwa maelezo ya kila hitilafu, na jinsi maelezo hayo yalivyomzuia mtu kutafuta tatizo lilipo.

Hatari halisi ya kipindi cha mpito haikuzungumzwa sana: kuchanganya. Aloi ya bati na bismuthi huyeyuka kwenye nyuzi 138, na imependwa na watu wanaolehemu kwa tanuri dogo la jikoni kwa kuwa haiunguzi plastiki. Ikikutana na mabaki ya risasi kwenye bodi ya zamani, sehemu ya mchanganyiko huo inaweza kuyeyuka kwenye nyuzi 96, chini ya joto la maji yanayochemka. Kiungo kilichosimama vizuri mezani kinaweza kulegea kando ya transista ya umeme inayofanya kazi yake ya kawaida. Kiwanda hakipati tatizo hili, kwa sababu kina aloi moja tu na barua ya kila muuzaji. Fundi wa ridhaa ana roli mbili zisizo na lebo, ncha moja ya pasi, na sanduku la vipuri vya miaka 30. Hapa RoHS ilimdhuru kweli, bila kumkusudia, kwa kuondoa hali ambamo lehemu yoyote ingeweza kukutana na yoyote.

Lakini pigo lililonigusa zaidi katika historia hii ni la kibiashara. Kuna daraja la zamani kati ya kupenda na kuuza: mtu anaunda kifaa kimoja, rafiki anakitaka, anaunda vitano, kisha hamsini. Kampuni nyingi za vipaza sauti na redio zilianzia kwenye daraja hilo. Agizo la pili la RoHS, namba 2011/65/EU, lililoanza kutumika Januari 2013, liliunganisha masharti haya na alama ya CE. Tangu hapo, anayeweka kifaa sokoni anapaswa kutoa tamko la kutimiza masharti na kutunza jalada la kiufundi kwa miaka 10, lenye ushahidi wa kila malighafi. Kipimo kinahesabiwa kwa kila malighafi peke yake, kwa hiyo kiungo kimoja chenye risasi asilimia 37 kinatosha kuharibu kifaa kizima, hata kama risasi yote iliyomo haifiki gramu moja. Kwa kiwanda hii ni kazi ya ofisi moja. Kwa mtu anayeuza bodi ishirini kwa mwaka ni mlima. Atajibiwa kwamba sumu haijali ukubwa wa muuzaji, na kwamba msamaha kwa wadogo ungekuwa mlango wa wakubwa kujigawa vipande. La pili nalikubali. La kwanza si kweli kwa sheria ya taka, ambayo hoja yake yote ni ya wingi: ilihalalishwa na mamilioni ya tani. Sheria hiyo ingeweza kuweka kizingiti cha idadi ya vifaa kwa mwaka bila kupoteza kitu kinachopimika, na haikufanya hivyo.

Uingereza ilikwisha kuonyesha namna nyingine. Mwaka 1987 ilipiga marufuku kuuza vipande vya risasi vya wavuvi wa ndoano, kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu bata maji wakubwa walikuwa wakivimeza na kufa. Sheria ile ilimlenga mtu wa ridhaa waziwazi: ilitaja kitu chake, kipimo chake na mnyama anayeumia. Mvuvi angeweza kuipinga au kuikubali, lakini alijua anaambiwa nini. Fundi wa elektroniki hakupata heshima hiyo. Pale Ulaya ilipoiweka risasi rasmi katika daraja la vitu vinavyodhuru uzazi, tangu tarehe 1 Machi 2018 michanganyiko yenye risasi asilimia 0.3 au zaidi, lehemu ikiwemo, hairuhusiwi kuuzwa kwa umma. Roli za lehemu ya zamani zikaanza kubandikwa maneno kwamba ni kwa watumiaji wa kitaalamu pekee. Hii, tofauti na RoHS, ni sheria ya afya, na kwa msingi wake ina haki kuliko ile ya kwanza. Nyumba ina watoto, meza ya kulehemu mara nyingi ni meza ya chakula, na kiwandani kuna daktari na mkaguzi ambao nyumbani hawapo. Anayesema mtu mzima aachwe achague sumu yake amsahau vipi mtoto anayetambaa chini ya meza hiyo? Kwa hoja hii sina jibu la kuipinga, na sitafuti.

Ninachopinga ni namna ilivyotekelezwa. Ilikuja kama matokeo ya jedwali la kemikali, pamoja na vitu vingine, bila maelezo kwa waliokuwa wakinunua lehemu kihalali siku iliyotangulia. Mwenye duka dogo la kurekebisha redio anaweza kununua roli hiyo, ilhali jirani yake mwenye ujuzi ule ule na mikono iliyooshwa vile vile hawezi, kwa kuwa tu halipwi. Na sheria mbili sasa zinavutana juu ya kifaa kimoja. RoHS iliruhusu wazi kwamba kifaa kilichoingia sokoni kabla ya tarehe 1 Julai 2006 kirekebishwe kwa vipuri vya asili yake, kwa sababu kukirefushia maisha ni kupunguza taka. Redio ya mwaka 1962 yenye AF117 inaangukia humo kikamilifu: bodi yake imejaa bati na risasi, na lehemu inayoifaa ni ya aina hiyo hiyo. Wanaozihifadhi redio hizo leo, kwa sehemu kubwa, ni watu wa ridhaa, kwa kuwa hakuna duka linaloweza kulipisha saa zinazohitajika.

Wangeweza kuruhusiwa roli ya gramu 100 kwa mwaka, ikiwa na karatasi inayoeleza habari ya vidole, sabuni na dirisha. Kwa sasa wanaambiwa na agizo moja kwamba kazi yao ni njema kwa mazingira, na kwa kanuni nyingine wananyimwa kitu cha kuifanyia.